Picha Mbichi Haina Poda

Kwanza malizeni kucheka. Ndiyo, nimestaafu. Thelathini sijafika, meno yote ninayo, na hapa ninapoandika mtoto ananivuta nywele. Lakini mtu akiacha kazi kwa hasira na akaapa harudi, mnataka aitwe nani? Mstaafu. Pensheni yangu ni huyu mtoto, na anavyodai, bosi haoni ndani.

Naandika kwa sababu mmenichosha. Kila mara mmoja wenu ananipigia: "Dada, nimepata kazi studio, kamera ni mpya, kompyuta ni ya zamani, picha hazifunguki, nifanyeje?" Nikimjibu huyu, kesho anakuja mwenzake na swali lilelile. Basi someni hapa wote, simu yangu ipumzike.

Studio yetu ilikuwa Sonatubes, hapa Kigali, ghorofani, juu ya duka la matairi. Mchana kutwa honi, na vumbi la barabarani likiingia hadi kwenye kibodi. Bosi wetu alinunua kamera kama watu wanavyonunua viatu, kila sikukuu mpya. Kompyuta hakuigusa. Programu ya kuhariri picha ilikuwa ileile aliyoikuta humo, na alijivunia. "Iko inafanya kazi, ya nini kuibadilisha?" Ilifanya kazi kama mzee aliyechoka kujifunza majina ya wajukuu: wa zamani anawajua mmoja mmoja, huyu aliyezaliwa juzi anamwangalia tu na kusema hamfahamu. Ukiiletea faili za kamera mpya, inakuandikia kwamba haiwezi kufungua, hii si aina sahihi ya faili. Aina ni sahihi. Yeye ndiye asiyeijua. Somo la kwanza hilo: mashine ikisema kosa ni la faili, ishuku mashine.

Sasa tuelewane neno moja. Kamera inaweza kukupa picha iliyopikwa, yaani imeshaamua yenyewe rangi na mwanga, imeibana iwe nyepesi na kutupa ilichoona hakina kazi. Au inakupa picha mbichi, yenye kila kitu jicho lake lilichokiona, bila chumvi. Sisi studio tulisema hivyohivyo, mbichi. "Mbichi ziko wapi?" "Mbichi za Jumamosi zimeoza?" Mteja mmoja alitusikia kutoka mlangoni akashuka ngazi, akaenda kumwuliza mwenye matairi kama ghorofani wanauza nyama.

Aliyenifundisha ni Papa Dodo, Mkongomani wa Bukavu, ambaye alikaa kwenye kile kiti kabla yangu. Alikuwa hamwamini mtu yeyote, hata chai ya ofisi alikuja na yake. Siku yangu ya kwanza nilifungua folda, nikaona picha zimejipanga vizuri, nikapiga makofi. Akanikatiza.

"Weye, iko unafurahia nini?"

"Zimefunguka, Papa."

"Hazijafunguka. Iko kapicha kadogo ndani ya picha. Kako kanakuchekea. Usikaamini hata siku moja."

Ni kweli. Ndani ya kila faili mbichi kamera huweka picha ndogo iliyokwisha kupikwa, ya kukuonyesha tu. Ndiyo unayoiona nyuma ya kamera, ndiyo unayoiona kwenye folda. Ni kama dirisha la duka: umeona mwanasesere kavaa suti, lakini ghalani hujaingia. Kamera yetu ilikuwa na kapicha kadogo sana. Kwenye simu kanapendeza. Ukikachapa kawe kakubwa ka ukutani, kanageuka uji.

Bosi mwenyewe aliwahi kuja na dawa yake. Alibadilisha mkia wa faili, zile herufi za mwisho baada ya nukta, akaandika mkia wa picha ya kawaida. Harusi nzima. Akaniita kwa furaha: "Ona, sasa zote ni picha!" Akabofya. Hakuna. Akabofya kwa nguvu zaidi, kama mlango uliokwama. Nilimwambia, bosi, ukimvalisha mbuzi kanzu hatasali. Hakucheka. Nilirudisha mikia yote, faili zikawa salama. Mkia hauui faili. Kinachoua faili ni mtu anayeamini amemaliza.

Njia yenyewe ni hii, na sitairudia. Tafuteni programu ya kugeuza faili mbichi kuwa DNG, ambayo ni mbichi vilevile ila imeandikwa kwa lugha ambayo programu za zamani zinaisoma. Kabla ya kubonyeza chochote, ingia kwenye mapendeleo yake, pale pa kuipangia ifanyeje kazi, uiambie kwamba programu yako ya kuhariri ni ya zamani. Usipoiambia, inakugeuzia kwa mtindo wa kisasa, na yule mzee atakukatalia tena. Itakapoandika "imekamilika", usisimame. Imekamilika ni neno lake, si lako. Hesabu zilizoingia, hesabu zilizotoka. Fungua ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho. Angalia ukubwa: kama upana wa picha unafanana na wa kioo cha simu, umeokota kapicha. Kuza mpaka uone nywele. Na mbichi za asili usizifute, hata bosi akilia kwamba diski imejaa. Anunue diski. Viatu alivyonavyo vinatosha.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema hivi kwa ukali.

Nilipotoka kwenye likizo ya uzazi nilikuta kiti changu kimekaliwa na Eriki. Eriki alikuwa mpiga picha wetu, mtu mzima, ana watoto wake, si mtu mbaya. Lakini nilimkuta amenirekebishia hadi urefu wa kiti, na mimi nikapewa stuli karibu na mlango wa choo. Kila nikienda kukamua maziwa, bosi alitazama saa ya ukutani. Jumamosi moja akaniambia, "Mama Ganza, harusi haisubiri ziwa." Hilo neno ndilo lililonistaafisha baadaye. Kwa wakati ule nililimeza, kwa sababu asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo Hadija aliingia.

Hadija ni fundi wa nakshi wa mtaa wa Biryogo, Mswahili wa mji, wa ukoo uliokuja zamani na biashara kutoka pwani. Bibi yake alidarizi kofia, mama yake alidarizi kofia, yeye akaipeleka ile nakshi ya kofia kwenye mishanana ya maharusi, vile vitambaa vyetu vya kufunga begani. Kwa mkono. Bi harusi akimpita Hadija, watu hawaulizi kanisa lilikuwa wapi, wanaulizia bega.

Siku hiyo hakuniulizia mtoto. Alikunjua picha kubwa juu ya meza.

"Angalia begani. Unaona nini?"

Ilikuwa picha ya studio yetu, bi harusi Sonia na mama yake, ya ukutani. Nikainama.

"Naona uji."

"Basi huo uji nimeushona mpaka macho yakavimba! Mama Sonia ameitundika sebuleni. Akaja mpwa wake anayejifunza ushonaji, akasema hapa hakuna uzi, haya ni maua ya kuchapwa kwa mashine, mmeibiwa. Sasa Mama Sonia anapita fundi kwa fundi, Biryogo nzima: Hadija anauza mashine kwa jina la mkono. Jana bi harusi mwingine amekuja kuchukua kitambaa chake. Kakikunja, kaondoka."

"Na nguo yenyewe iko wapi?"

"Imekwenda Ubelgiji na mwenyewe. Na mwenyewe hataki kusikia habari za nyuzi, ana mume mpya." Akaketi. "Jina langu ndilo duka langu, Mama Ganza. Mlango ni wa kukodi, cherehani ni ya dada yangu. Mimi nina jina tu."

Nilifungua folda ya harusi ya Sonia. Nikaangalia upana wa picha. Ulikuwa wa kioo cha simu.

"Bosi! Harusi ya Sonia nani aliigeuza?"

"Eriki. Zilifunguka zote, siku moja tu. Wewe ulikuwa unachukua wiki."

Siku moja. Hapo hapo nikajua. Kuna programu za bure zinazonyofoa vile vipicha vidogo kutoka ndani ya mbichi, harakaharaka, na zinakuandikia kwa rangi ya kijani kwamba zimegeuza. Eriki ameonyeshwa dirisha la duka, akalibeba dirisha.

"Mbichi ziko wapi?"

"Diski ilijaa. Amezifuta."

"Na kadi ya kamera?"

"Iko kwenye mkoba wake. Amekwenda nayo harusini, Rebero."

Sikilizeni. Studio yetu ilikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ikijaa kanisani, ya pili inaingia kamerani wakati wa tafrija, na kabla ya kuanza inafutwa yote. Ya kwanza ilishafutwa asubuhi kwa harusi ya leo, kwa hiyo mbichi za Sonia zilikuwa zimebaki mahali pamoja duniani, kwenye kadi ya pili. Nikampigia Eriki. Simu imezimwa sauti, kama kawaida ya wapiga picha.

Na mimi, sitawaficha, nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Eriki kwamba anafuta ushahidi. Nilimshuku bosi kwamba ameyapanga haya ili ionekane mama mwenye mtoto mchanga hahitajiki. Nikamwambia usoni. Akacheka.

"Uzazi umekufanya uone wachawi kila kona."

"Siwaoni kila kona. Namwona mmoja amekaa kwenye kiti changu, na mwingine kwenye chako."

Nikavuta droo yake, nikachukua kadi ya akiba ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, nikashuka. Hadija alikuwa bado amekaa, mkono juu ya ile picha kama anamfunika maiti.

Dereva wa moto, bodaboda zetu za Kigali, pale chini ya mataa alinitazama kifuani kabla ya kunipa kofia. "Mama, umemwagikiwa." Ni maziwa. Muda wa mtoto kunyonya ulikuwa umefika, mtoto yuko Gahanga na bibi yake, mwili haujui habari za kadi. "Rebero ni mbari, mama, na kuna mupando." Nikamwambia mbali napajua, apande huo mlima wake. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama ninamfuata mume. Mwishoni nikamwambia ndiyo, ili aongeze mwendo. Akaongeza.

Getini kuna mlinzi, suti nyeusi, uso umefungwa.

"Kadi?"

"Ndiyo niliyoifuata. Iko ndani."

"Kila mtu leo kadi yake iko ndani. Wewe wa upande gani, wa bwana au wa bibi?"

"Sina upande. Nataka kadi."

"Bila kadi huingii."

"Sasa nitaipataje kadi bila kuingia?"

Alianza kunitilia shaka kweli, na ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo: mwanamke jasho linamtoka, blauzi imelowa, anadai kadi harusini kwa watu. Nikaona hakuna namna. Nikatoa ile ya akiba, kiduchu, nikaishika mbele ya macho yake. "Kadi hii hapa. Ya kamera. Mpiga picha wenu akiishiwa, bi harusi ataingia bila picha, na mimi nitamwambia mama yake ni nani aliyenizuia getini." Akasogea.

Eriki alikuwa nyuma ya hema, kamera mkononi, kifuniko cha kadi kimeshafungwa. Kioo kilikuwa kinauliza: futa zote?

"Eriki. Toa kidole."

"Mama Ganza? Umealikwa?"

"Toa kidole nimesema!"

Akakitoa. Nikafungua kifuniko mwenyewe, nikaichomoa kadi, nikaweka ya akiba.

"Lakini zile nilishazigeuza zote," akasema. "Zilifunguka. Nimeziona kwa macho yangu."

"Umeona kapicha. Umekula ganda, ndizi umetupa. Jina la Hadija limo humu."

Akafunga kifuniko cha kamera. Kisha akaniambia kitu ambacho bado kinaniudhi. "Wewe na Papa Dodo mlikuwa mnafunga mlango mkifanya hii kazi. Nani alinionyesha?"

Hakuna aliyeniuliza. Ndivyo nilivyomjibu, na jibu langu ni lilelile. Lakini nyinyi mmeniuliza, ndiyo sababu naandika na mlango uko wazi.

Jumatatu nilikaa kwenye kiti changu. Sikumwomba mtu, nilifika mapema. Hadija akakaa pembeni yangu, mkoba mapajani. Nikageuza. Ikaandika imekamilika. Nikafungua kwenye programu yetu, ikakataa. Hadija akashika kichwa. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye mapendeleo: mtu alikuwa ameyarudisha kwenye mtindo wa kisasa. Nikayarekebisha, nikageuza upya, nikafungua.

Ikatokea. Ya kijivujivu, imepooza.

"Yewe! Mbona imekufa?" Hadija akasema.

"Haijafa. Ni mbichi. Haijapakwa poda."

Nikakuza bega la Sonia. Nikakuza tena. Na nyuzi zikaja moja moja, Mungu ni shahidi, zimeinuka juu ya kitambaa. Mshono huu mrefu kidogo, ule mfupi kidogo, mwingine umelala upande. Mashine haikosei hivyo. Mashine ikikosea, inakosea mstari mzima. Hadija akasogeza kidole hadi karibu na kioo, akakisimamisha kwenye mshono mmoja.

"Hapa umeme ulikatika," akasema. Akasogea kidogo. "Na hapa nilikuwa nimechoka."

Hakulia. Alifuta pua na kuniambia nimwite Mama Sonia, ila yeye atakuwa dukani kwake, hataki kuonekana anangoja.

Mama Sonia alikuja ananukia mafuta mazuri, na mkoba mkubwa. Nilikuwa nimemchapia bega kubwa, safi. Alilitazama, pua karibu na karatasi. Kisha akalirudisha mezani.

"Nyinyi si mnaondoa chunusi? Si mnaongeza nywele? Binti wa dada yangu alipoolewa mlimpunguza kiuno. Mtashindwa kuongeza nyuzi?"

Bosi akafungua mdomo aanze kuomba radhi. Nikamzuia kwa mkono. Maana yule mama alikuwa sahihi. Ningekuwa yeye ningeuliza lilelile. Mtu asiyeamini picha ndiye ninayeelewana naye.

"Kaa hapa, mama. Usiamini karatasi. Tazama mikono yangu."

Nikaitoa kadi kwenye bahasha, nikaichomeka mbele yake. Nikageuza faili moja tu. Nikafungua. Sikugusa rangi, sikugusa mwanga. Picha ikajaa kioo: Sonia, na pembeni yake mama mmoja anatafuna, jasho limeshuka, uso mweupe wa poda na shingo ya rangi yake ya kuzaliwa, mpaka kati yao umenyooka kama barabara ya lami.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Wewe, mama."

Bosi akageukia dirisha.

"Hii ndiyo mbichi," nikamwambia. "Kama ningekuwa nimekaa hapa kumwongezea Hadija nyuzi, ningeiacha shingo yako hivi?"

Alifikiri. Niliona anafikiri. Alijitazama shingo, akanitazama mimi, akaitazama tena shingo.

"Kuza bega."

Nikakuza. Akavaa miwani. Alipita mshono hadi mshono, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Ni mkono," akasema. "Sasa funga hiyo."

"Nifunge?"

"Funga, mwanangu, kabla hawajapita watu! Na hiyo ya ukutani utaipika upya, uipike iive." Akatoa simu yake, akaishika bila kupiga. "Nipigie Hadija. Ya kwangu hatapokea."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa.

"Dada Hadija, ni Mama Sonia hapa. Nimeiona." Akasogea karibu na simu. "Nina binti mwingine. Mdogo wake Sonia. Na yeye anaolewa, Mungu akipenda."

Tulisikia cherehani ya mtu mwingine huko, na mtoto anayeuza karanga. Mama Sonia akanitazama kama mimi ndiye niliyekata simu.

"Alete kitambaa," Hadija akasema mwishowe, kama anazungumza nami, si naye. "Na alete kiti. Akiweke mlangoni kwangu, barabarani, mchana. Akae hapo anitazame nikidarizi, sindano kwa sindano, na wale wote aliowapitia na maneno wapite wamwone anatazama."

Mama Sonia akauvuta mkoba wake. Nilidhani atasimama aondoke.

"Kiti cha namna gani?" akauliza.

"Chenye mgongo," Hadija akamjibu. "Utakaa."